NGAZI ISIYO NA VIPAGO



Wengine wenu mtauliza, mambo ya sinema yana kazi gani katika gazeti la watu wa reli? Tafadhali someni mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

Mwaka jana kampuni moja ya kupiga sinema, ambayo hatutaitaja jina, ilifika stesheni yetu ikakaa siku nne. Walitaka gari la moshi liingie asubuhi, litoke jioni, liingie tena. Waliandika vijana sita wa kubeba mizigo, na mmoja wao ni mtoto wa mwenzetu wa karakana. Kijana huyu amesoma, na anapenda kazi ya kamera kama wengine wanavyopenda mpira. Alibeba masanduku siku mbili bila kuangusha hata moja. Siku ya tatu akamwomba msaidizi wa kamera amwonyeshe namna lenzi inavyofungwa. Akajibiwa, "Wewe umeandikwa kubeba." Siku ya nne alilipwa kibarua chake, akapewa kofia yenye jina la sinema, na msimamizi akamsifu sana. Alimwambia kwamba hajapata kuona mbebaji mzuri kama yeye, na kwamba wakirudi watamwita tena. Kumwita kufanya nini? Kubeba.

Baba yake alikuja kwenye ofisi ya chama na ile kofia mkononi. Hakuja kudai pesa, maana pesa zililipwa sawasawa. Alituuliza neno moja tu: "Mtoto wangu akibeba miaka kumi, mwaka wa kumi na moja atakuwa nani?"

Tulinyamaza, kwa sababu hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu letu, na ikiwa kuna mtu itamchoma, na achomeke.

KAZI YENYEWE

Kwanza tuijue kazi, maana mtu hawezi kudai asichokijua. Tumeuliza na tumesoma. Kazi ya kamera katika sinema kubwa haifanywi na mtu mmoja. Ni kikosi, na kikosi kina ngazi, na kila kipago cha ngazi kina jina na kazi yake.

Chini kabisa yuko mwanafunzi. Huyu huleta chai, huchaji betri, husukuma toroli, hubeba miguu mitatu ya kamera. Lakini huitwa mwanafunzi, na neno hilo ni kubwa kama mtakavyoona.

Juu yake yuko mpiga kibao. Mmekiona kile kibao cheusi na cheupe kinachopigwa mbele ya kamera. Watu hudhani ni mchezo. Si mchezo. Sauti hurekodiwa kwa mashine nyingine na picha kwa nyingine, na ule mlio wa kibao ndio unaoziunganisha baadaye. Zamani za filamu mtu huyu ndiye pia aliyetia filamu katika kasha la kamera. Aliitia gizani, mikono yake ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili kama shati, akipapasa tu bila kuona. Kasha la futi 1000 za filamu ya milimita 35 linakwenda dakika 11 hivi, kwa kuwa kila sekunde picha 24 hupita. Mwanga ukiingia kidogo tu, au akibadilisha kopo la filamu iliyopigwa na kopo la filamu mpya, kazi ya watu mia moja ya siku nzima imekufa. Haya, mshahara mdogo na dhamana kubwa. Je, ninyi watu wa reli hamjapata kuona jambo kama hilo?

Juu ya mpiga kibao yuko mpima fokasi. Huyu hupima kwa utepe kutoka kwenye kamera mpaka kwenye macho ya mchezaji, hutia alama sakafuni, na mchezaji akitembea yeye huzungusha lenzi kwa mkono ili macho yale yasitoke kiwi. Pengine nafasi ya kukosea haizidi upana wa vidole vichache. Akifanya vizuri hakuna anayejua kwamba yupo. Akikosea mara moja, watu wote waliokaa katika nyumba ya sinema wanajua. Twamfananisha na mwenzetu wa kugeuza reli kwenye njia panda. Treni elfu zikipita salama hakuna anayemshukuru. Moja ikitoka njiani, jina lake liko mezani kwa meneja kabla ya saa sita.

Juu yake yuko mshika kamera, anayetazama katika kitundu na kuifuata picha. Na juu kabisa yuko mkuu wa picha, anayepanga mwanga, anayechagua lenzi, na anayejibu kwa kila kitu kinachoonekana. Katika desturi ya Uingereza huyu mara nyingi hashiki kamera kabisa. Amekwisha kuishika miaka mingi.

WALIOPANDA

Sasa sikilizeni. Tumetafuta watu watatu ambao walifika juu kabisa, na wote watatu walipiga picha katika nchi zetu hizi.

Wa kwanza ni Freddie Young. Aliingia studio ya London mwaka 1917, kijana mdogo, akaanza na kazi za chini. Mwaka 1953 picha ya "Mogambo", iliyopigwa Kenya na Tanganyika na mahali pengine Afrika, ilitoka na jina lake pamoja na la Robert Surtees wa Marekani. Baadaye alipata zawadi ya Oscar mara tatu.

Wa pili ni Jack Cardiff. Alikuwa mtoto wa wachezaji wa jukwaani, hakusoma sana, akaanza kama kijana wa kibao. Watu wa kampuni ya rangi walipotafuta mtu wa kufundisha, aliwaambia wazi kwamba mambo ya ufundi hayajui, bali anayajua mambo ya mwanga katika picha za wachoraji. Wakamchukua. Alipata Oscar kwa picha ya mwaka 1947, na mwaka 1951 alikuwa Kongo na Uganda akipiga "The African Queen".

Wa tatu ni David Watkin, na huyu tunamtaka mmtazame sana, kwa sababu ni mtu wa reli. Ndiyo, wa reli! Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliingia idara ya filamu ya reli ya Uingereza kama msaidizi wa kamera. Idara hiyo ikaingizwa katika British Transport Films, iliyoanzishwa mwaka 1949 kupiga picha za magari ya moshi, mabasi na bandari. Hapo hapo, ndani ya shirika la uchukuzi, alipanda mpaka akawa mkuu wa picha. Kisha akatoka kwenda kwenye sinema kubwa. Mwaka 1985 alikuja Kenya kupiga "Out of Africa", na mnamo 1986 akapewa Oscar kwa picha hiyo. Gari la moshi mnaloliona mle linakatiza nchi yetu, si nchi nyingine.

Basi reli ya Uingereza ilichukua kijana wa kusaidia ikamtoa fundi wa dunia nzima. Je, alizaliwa na macho ambayo watoto wetu hawanayo? Hapana. Alikuwa na kipago cha kukanyaga, na juu ya kipago hicho kingine, na juu yake kingine.

NA WALIOBEBA

Hao watatu hawakubeba masanduku yao wenyewe walipokuwa huku. Waliobeba ni watu wetu. Katika majina ya mwanzo ya "Mogambo" wameandikwa Wasamburu, na Wahaya, na Wagenia wa Kongo. Lakini hawakuandikwa kwa majina ya watu. Wameandikwa makabila, kabila zima kama mtu mmoja! Tumepata kusikia kabila likilipwa mshahara? Tumepata kusikia kabila likipandishwa cheo? Mtu asiye na jina hawezi kuandikwa katika orodha ya kupanda, maana ngazi hupandwa na mtu, na mtu ana jina.

Mtasema hayo ni ya ukoloni na yamepita. Ni kweli ukoloni umepita. Tulipata Uhuru mwaka 1963. Lakini kijana wetu aliyebeba mwaka jana alikuwa na jina gani katika karatasi yao? Tumeiona karatasi. Imeandikwa: "Wabebaji, 6."

Katika Maandiko tuliyofundishwa shuleni Yakobo aliota ngazi, na malaika wakipanda na kushuka juu yake. Ngazi tunayoonyeshwa sisi ni ya namna nyingine. Ina mguu wa chini na ina kichwa cha juu, na katikati hakuna kitu. Chini wamejaa watu wetu. Juu wanaletwa watu kwa ndege. Halafu bwana mkubwa anasimama na kusema kwa huzuni kwamba hapa nchini hakuna mafundi wa kutosha!

WANAYOSEMA WAPINZANI

Wako watu watatu wanaotupinga, na twataka kuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza asema, kazi ya kamera ni kipaji, haifundishwi kwa ngazi. Twamwambia, kipaji kipo, lakini hakuna kipaji cha kutia filamu gizani bila kuiharibu. Hakuna kipaji cha kupima futi saba kwa kutazama. Hayo ni mazoezi, na mazoezi hupatikana kwa kushika kitu kwa mkono siku nyingi karibu na mtu anayejua. Mwenye kumnyima mtu kushika, kisha akasema mtu huyo hana kipaji, ni kama aliyemfunga mwenzake miguu akamcheka kwamba hajui kukimbia.

Wa pili asema, mtazameni Mohamed Amin. Na sisi twamtazama kwa heshima kubwa, kwa kuwa alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanya kazi wa reli kama watoto wetu. Hakungoja ngazi ya mtu. Alianza na kamera ndogo, akaanzisha kazi yake mwenyewe, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, kule Korem, ziliamsha dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipokufa katika ndege iliyotekwa mwaka 1996. Mtu wa namna hiyo hatokei kila mwaka. Lakini yeye alikuwa mpiga picha wa habari, na kazi ile mtu anaweza kuianza peke yake. Tena chama cha wafanya kazi hakijengwi juu ya mtu mmoja wa ajabu. Mtu wa ajabu ataruka ukuta hata bila ngazi. Sisi twawasemea wale mia ambao ni watu wa kawaida, hodari na waaminifu, ambao wakipewa kipago watakipanda na wakinyimwa watakaa chini.

Wa tatu ni kijana wetu mwenyewe. Huyu asema, siku hizi hakuna filamu, kamera ni ya kidijitali, hata simu inapiga sinema, basi ngazi ya nini? Nimenunua kamera, mimi ni mkuu wa picha. Kijana, twakupenda, lakini umekosa. Kununua spana hakumfanyi mtu kuwa fundi mitambo. Filamu imekwenda na kadi zimekuja, lakini anayesimamia kadi anashika kazi ya siku nzima vilevile, na akifuta kabla ya kuhifadhi mahali pawili, msiba ni ule ule. Fokasi haijali kama ndani mna filamu au kadi. Ukianzia juu utafika siku ya mwanga mgumu na watu hamsini wanakungoja, na hutakuwa na miaka nyuma yako ya kukuambia ufanye nini.

TUSIJISIFU KUPITA KIASI

Tena tuseme na kosa la upande wetu, maana gazeti la chama likificha makosa ya vyama halina faida.

Mafundi wa sinema wa Uingereza walianzisha chama chao mwaka 1933. Kilifanya mema mengi, kwani studio za siku zile ziliwafanyisha watu kazi usiku na mchana bila kipimo. Lakini kiliingia kosa moja kubwa. Kilifunga mlango. Kijana alikwenda studio akaulizwa, una kadi ya chama? Akaenda chamani akaulizwa, una kazi studio? Hivyo akazunguka kama injini kwenye meza ya kugeuzia, isiyoachiwa kuingia njia yoyote. Waliopita mara nyingi walikuwa watoto wa waliokwisha kuwamo, au wapwa wao. Wanawake waliachwa nje, na watu weusi pia. Oscar ya upigaji picha ilianza kutolewa mwaka 1929, na mwanamke wa kwanza kupendekezwa tu, Rachel Morrison, ni wa mwaka 2018. Ngazi ilikuwapo, lakini ilikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Serikali ya Uingereza ilipotaka kuuvunja mlango ule kwa sheria za miaka ya 1980 na mwaka 1990, wengi waliokuwa nje hawakulia.

Twasema hili kwa sababu tunajijua. Nani kati yetu hajasikia habari ya mwanakamati aliyeingiza mtoto wa ndugu yake na kumruka kibarua wa miaka minane? Tukidai ngazi, tudai iliyo wazi kwa mtoto wa kila mtu, mvulana na msichana, awe na mjomba ofisini au asiwe naye.

SISI WENYEWE TULIJUA JAMBO HILI

Wazee wetu wa zamani za mvuke watakumbuka. Mtu aliingia karakana kupangusa injini. Akapangusa mpaka akajua kila bomba kwa jina. Kisha akawa fayamani, akitia makaa au kuangalia mafuta ya moto, amesimama hatua mbili tu kutoka kwa dereva. Miaka ile yote, bila darasa, alikuwa anasoma. Alijua dereva anafunga breki wapi na kwa nini, alijua mlima upi unataka mvuke mapema. Ule upande wa fayamani ulikuwa ndio shule ya madereva. Wakoloni walifanya dhambi yao hapo, kwa kupanga vyeo na mishahara kwa rangi ya mtu, hata Mwafrika akasimama karibu na kiti cha dereva miaka na miaka asiruhusiwe kukikalia. Lakini siku mlango ulipofunguliwa, watu walikuwapo tayari, kwa sababu walikuwa wamesimama pale.

Kisha dizeli ikaja na moto ukazimwa. Mabwana walihesabu mshahara wa fayamani wakafurahi kwamba umepungua. Hawakuhesabu kwamba wameondoa kipago. Ndivyo inavyotaka kufanyika katika kamera: filamu imekwisha, basi mtia filamu wa nini? Kila mashine mpya inapokuja, huanza kuondoa kazi ya mtu wa chini, na kazi ya mtu wa chini ndiyo shule ya mtu wa juu. Miaka ishirini baadaye wanauliza, mafundi wako wapi? Mafundi mliwafukuza walipokuwa bado wanafunzi.

TUNAYODAI

Hatukuandika ili kulia. Reli ina nguvu katika jambo hili, maana hakuna mtu anayepiga sinema katika stesheni zetu, njia zetu au mabehewa yetu bila barua ya ruhusa. Basi twataka kamati yetu ipeleke kwa wakubwa wa reli maneno haya, yaandikwe katika kila barua ya ruhusa:

1. Kwa kila kamera inayoletwa, achukuliwe kijana mmoja wa hapa, na aandikwe kwa jina lake kama mwanafunzi wa kamera, si kama mbebaji. Kubeba atabeba. Lakini mbebaji akiuliza hufukuzwa, na mwanafunzi akiuliza hujibiwa. Hiyo ndiyo tofauti ya neno moja.

2. Alipwe. Kazi ya bure kwa jina la kufundishwa ni wizi, na huwaacha nje watoto wa maskini, ambao hawawezi kukaa mwezi bila posho.

3. Awe na kitabu kidogo, na kila siku mpima fokasi au mpiga kibao aandike humo kazi aliyofanya na kuitia sahihi. Kazi ikija tena, kitabu kiseme, si mjomba.

4. Mwenye kitabu chenye kazi za kutosha apewe kibao, na idadi ya kutosha iandikwe tangu mwanzo, isije ikasogezwa kila akiikaribia.

5. Na katika karakana zetu wenyewe yafanywe yale yale kwa wasaidizi wa dizeli, ili tusiwe watu wa kutoa kibanzi katika jicho la jirani.

Mabwana watasema masharti haya yatafukuza wapiga sinema. Hayatawafukuza. Mtu anayeweza kusafirisha kamera kwa ndege kutoka Ulaya hashindwi na mshahara wa mwanafunzi mmoja.

Na ninyi vijana, tusikilizeni. Mkipewa kipago msikidharau. Fikeni kabla ya wengine, jueni kila sanduku lina nini, msiguse lenzi kwa vidole, andikeni lebo kwa mkono unaosomeka, na mkikosea semeni mara moja kabla ya jua kushuka. Fundi husamehe kosa lililosemwa.

Ile kofia bado iko ofisini, imetundikwa juu ya msumari. Baba yake alituachia. Hatutaitupa, na hakuna atakayeivaa. Mkutano wa tawi uko mwisho wa mwezi, na neno hili liko katika orodha. Njooni wengi, tupige kura, ili tukimrudishia mzee kofia yake tumrudishie na jibu.

Umoja ni nguvu.